Pengo la Antena

Mimi nina hasira za karibu, wala sifichi. Mama yangu husema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Kwa hivyo mtu asinikatize nikisimulia habari za koti la baba mkwe wangu, maana nimechoka kusikia zinavyosimuliwa sokoni Gesima na watu ambao siku ile hata hawakulowa.

Naitwa Persis. Nina duka la kutengeneza simu na redio mjini Kisii, ghorofa ya kwanza, juu ya mama mmoja anayeuza ndizi kwa jumla. Wateja wakipanda ngazi na kukuta mwanamke ameshika chuma cha kulehemu, huniuliza fundi yuko wapi. Huwajibu ameenda kunywa chai, wakae wamsubiri. Mume wangu ni Sylvanus, mwalimu wa jiografia, mtu mpole mpaka anaudhi. Tunakaa Nyanchwa. Baba yake, Mzee Mogaka, ambaye sote tunamwita Tata, anakaa Gesima kwenye shamba lake la majani chai pamoja na Gladys, dada yake Sylvanus, aliyerudi nyumbani kumtunza baada ya mama yao kufariki.

Tata ni mgonjwa wa kusahau. Alianza kwa kusahau funguo, akaja kusahau majina, na sasa anasahau kwamba ameshafika nyumbani. Anatoka. Anasema anakwenda kutafuta ng'ombe fulani aliyeuzwa kabla Sylvanus hajaingia darasa la kwanza, na miguu yake, ole wetu, bado ina nguvu za kijana. Mara ya mwisho wachumaji wa chai walimkuta asubuhi amelala kwenye mtaro katikati ya mistari ya chai, midomo imegeuka rangi, hawezi hata kufunga ngumi. Daktari alitueleza bila kuzunguka. Akilala tena nje kwenye baridi ya huko juu, msitegemee kumpata hai. Maneno hayo yaliniingia. Tata alinipokea vizuri nilipoolewa, wakati wengine walikuwa wananung'unika kwamba Sylvanus ameleta fundi badala ya mke. Nikaapa kwamba mzee huyu akitoka, nitajua alipo kabla baridi haijajua.

Tukanunua vile vifaa vya madukani. Cha kwanza kilikuwa cha kuvaa shingoni. Akakitazama, akaniuliza kupitia kwa Gladys tangu lini mzee wa kanisa la Sabato akavaa mkufu. Cha mkononi alikitupa chooni. Simu huiacha zizini. Kitu kimoja tu hakimtoki mwilini, koti lake la kahawia, alilolinunua mwaka ule alipowekewa mikono kuwa mzee wa kanisa. Hulala nalo. Gladys akitaka kulifua ni vita.

Basi nikasema, kama hataki kuvaa kifaa, koti litakivaa.

Koti la namna ile lina kitambaa kinene begani, kile kinachomfanya mwanamume aonekane ana mabega hata kama hana. Humo ndimo nilipotaka kukificha. Lakini hakuna kifaa cha dukani kinachoingia begani mwa koti bila kuvimba. Ilinibidi nichore bodi yangu mwenyewe. Ukifungua redio yoyote utaiona bodi, ile sahani ya kijani iliyopitishwa njia nyembamba za shaba, vijidude vyote vimelehemiwa juu yake. Yangu niliichora kwenye kompyuta ikiwa na umbo la mwezi mchanga, nyembamba, ifuate mviringo wa bega. Upande mmoja betri, katikati kile kinachosikiliza setelaiti na kile cha laini ya simu, na kwenye ncha ya nje, kuelekea mkono, antena.

Antena ndiyo iliyonisumbua. Antena ni kama mtu wa kijiji chetu, haipendi kubanwa wala kusikilizwa na jirani. Ukiweka shaba chini yake, shaba inameza mawimbi yote. Hata bodi tupu ikiwa karibu sana inaivuruga, na nyama ya mtu ndiyo mbaya zaidi, maana imejaa maji. Kwa hivyo pale chini ya antena nilikata. Nikaacha pengo, bodi ikaishia hapo na antena ikabaki imening'inia hewani. Nililichora pengo lile, nikalifuta, nikalichora tena, kwa sababu likiwa dogo mawimbi hayatoki, likiwa kubwa bodi inavunjika mzee akijilaza upande ule.

Na kila aliyeliona pengo alitaka kuliziba. Sylvanus alidhani bodi imemegeka njiani. Kiwanda cha Uchina kilichotengeneza bodi kiliniandikia kuuliza kama nimekosea mchoro. Nikawajibu kwa herufi kubwa kwamba pengo ni la makusudi, waliache hivyo hivyo. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo shida ilipolala. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima ya kuonana haya kati ya mzazi na mtoto, na hasa kati ya mkwe na mkwe. Mimi simshiki Tata mkono. Siingii chumbani mwake, sikai kiti chake, sigusi nguo iliyo mwilini mwake. Sylvanus na Gladys nao, ijapokuwa ni damu yake, hawawezi kuingia anapolala wala kumvua nguo. Wajukuu wangeweza, wale kwa babu hawana mpaka, lakini Mungu hajatupa. Anayebaki ni mtu wa rika lake. Wa rika la Tata amebaki mmoja tu mwenye macho na akili, Mzee Okemwa, fundi cherehani wa soko la Gesima. Walitahiriwa pamoja. Hao wakikaa pamoja hutukanana na kucheka mpaka unaona haya kupita.

Hata vipimo vya bega nilivipata kupitia kwake. Alimpimia Tata bega kwa uzi, akafunga mafundo mwanzo na mwisho, akaniletea uzi ule ndani ya karatasi ya mandazi. Mimi nikaulaza kwenye kompyuta. Vijana wenzangu wa Nairobi wanaochora bodi wakisikia hivyo watacheka. Wacha wacheke.

Bodi ilipokamilika nikaipaka rangi yake ya kuzuia unyevu, nikaitia kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, nikaipeleka mwenyewe kwa Okemwa. Nilikuwa nimeijaribu Kisii kote, toka sokoni hadi juu kilimani Nyanchwa, na kwenye ramani ya simu yangu kile kidoti chekundu kinachoonyesha kifaa kilipo kilinifuata bila kukosea. Siku hiyo Tata alikuwa ameketi pale barazani kwa Okemwa, koti ameshalivua kwa rafiki yake bila ubishi, akiambiwa kwamba kifungo kinataka kudondoka. Mimi nilisimama mbali, kama inavyotakiwa, nikamweleza Okemwa kwa adabu zote. Upande huu ukae juu. Ncha hii itazame mkono. Hapa kwenye pengo pasiwe na kitu, hata uzi usipite.

Akaniuliza, "Na mvua, mkaza mwana wetu?"

Nikamwambia ahakikishe kisiingie maji. Simu ilikuwa inaita, mteja ananisumbua kuhusu amplifaya ya kanisa, mawingu nayo yalikuwa yameshashuka. Nikaaga, nikaondoka kabla hajashona.

Nilipofika Kisii nikatazama simu. Kidoti kilikuwa pale pale, barazani kwa Okemwa. Nikasema bado wanapiga porojo. Jioni kilikuwa pale pale. Kesho yake Gladys ananiambia Tata yuko nyumbani, amekunywa uji, na koti amelivaa. Kidoti kiko kwa Okemwa. Nikampigia Okemwa, simu imezimwa. Tukaambiwa ameenda kwa shemeji zake kwenye matanga, huko upande wa pili wa Nyamira, na akienda kwenye matanga Okemwa hukaa mpaka chakula kiishe.

Nikajua ni pengo. Nani mwingine wa kulaumiwa? Nimelifanya dogo, au bega la mzee limekaa karibu mno, mawimbi yanamezwa. Nikafungua kompyuta nikaanza upya. Nililipanua pengo, nikahamisha betri, nikakosana na wateja. Usiku nikilala naliona pengo. Sylvanus akaja na upole wake akaniambia, kwa nini usiangalie koti lenyewe kwanza, pengine ni waya umekatika. Alisema kweli. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Nani atalivua?" nikamuuliza. "Wewe?"

Nikamwambia basi aende akamwambie baba yake avue koti, yeye ni mtoto wa kiume, ni mwalimu, ana digrii. Akatazama sakafu. Nikampigia Gladys, naye akasema wifi, unajua siwezi. Nilijua. Mimi mwenyewe ningeweza? Singeweza. Basi tukakubaliana tumngoje Okemwa arudi. Watu wazima watatu tuliosoma tukakaa tukingoja fundi cherehani arudi kutoka matangani ili koti liguswe, na mzee akiwa nalo humo humo nyumbani, umbali wa kuongea tu. Nikilifikiria hilo mpaka leo natamani kupiga kitu.

Siku yenyewe Gladys alipeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia. Foleni ilikuwa ndefu, mizani ikasumbua. Aliporudi alikuta mlango wazi na kikombe cha uji kimepinduka. Akaita. Akazunguka nyumba, akashuka shambani, akapanda kwa majirani. Hakuna. Akatupigia. Sylvanus akaliacha darasa, mimi nikaliacha duka wazi na mama wa ndizi alinde. Tulipofika Gesima mvua ilikuwa imeanza, ile ya alasiri isiyokosa, yenye baridi ya kukata masikio.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Na kwa vile mimi na mdomo wangu nilishawaeleza wote kuhusu kile kifaa, mtu wa kwanza aliyeniona aliniuliza mashine inasema yuko wapi. Gladys akaninyang'anya simu. Alipoona kidoti akapaza sauti kwamba Tata yuko kwa Okemwa, asifiwe Bwana. Nikawaambia hapana, hicho ni cha zamani, hakisogei tangu kiliposhonwa. Nani alinisikia? Nusu ya watu walishaanza kupanda kilima kuelekea sokoni, wakishukuru. Sylvanus akachukua waliobaki akaenda nao upande wa msitu wa mikaratusi. Mimi nikakimbia nyuma ya wale wa sokoni ili niwarudishe.

Okemwa alikuwa amerudi kutoka matangani asubuhi ile. Alikuwa barazani, miguu kwenye cherehani, peke yake. Hajamwona Tata. Watu wakanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyewadanganya. Nikamuuliza Okemwa, nikijitahidi sauti isipande, kile kifaa alikishona vipi.

Akatabasamu, maskini. Akasema alikifuata nilivyoagiza. Ncha kuelekea mkono, upande wa juu ukawa juu, na kwenye pengo hakupitisha hata uzi. "Na mvua usiwe na wasiwasi," akasema. "Nilikifunika chini na juu. Hata gharika ya Nuhu haikiingii."

Akanyanyua kipande kilichobaki kutoka chini ya cherehani akanionyesha. Kilikuwa kipande cha gunia la kiwanda cha chai. Kama wewe si mtu wa huku hujui, ni gunia la karatasi ngumu, na kwa ndani limepakwa bati laini linalong'aa, kwa sababu chai ikishakaushwa haitaki hata pumzi ya unyevu. Gesima nzima tunajua hakuna kitu duniani kinachozuia maji kama lile gunia. Watu hutunzia humo vyeti vya shule, hati za mashamba na mbegu. Okemwa alichukua kilicho bora kabisa kijijini akakifunikia kifaa changu. Akakifungia ndani ya bati pande zote. Wimbi haliingii, wimbi halitoki, ndiyo maana kidoti kiliganda pale pale kilipofungwa.

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Pengo langu lilikuwa sawa! Bodi yangu haikuwa na kosa. Furaha hiyo ilidumu kitambo cha kumeza mate, halafu nikamkumbuka Tata, yuko huko nje kwenye mvua. Hasira zikaja zote pamoja na sikuwa na pa kuzipeleka, maana Okemwa ni wa rika la mkwe wangu, na kwangu yeye naye ni mkwe. Simgombezi. Nikakiangalia kile kipande cha gunia nikasema asante, mzee.

Sikumweleza. Nilimuuliza tu, wao zamani, wakiwa vijana, saa kama hizi baada ya kuchuma walikuwa wanakwenda wapi. Akasimamisha mguu kwenye cherehani. Akasema walikuwa wanashuka mtoni kuoga, wanaume upande wa chini, kwenye jiwe pana. Halafu uso wake ukabadilika. Akachukua fimbo yake, lakini goti lake ni bovu, akaniambia nitangulie.

Nilishuka katikati ya chai nikiteleza, naanguka, nainuka. Kwanza niliona koti. Lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kichaka cha chai, na shati, na suruali, na juu yake kofia. Alikuwa amekunja nguo zake kama mtu asiye na haraka. Halafu nikamwona. Alikuwa amesimama mtoni, maji yamempita magoti, uchi kama alivyozaliwa, anajimwagia maji kwa viganja na anatetemeka mpaka nikaona kutoka pale juu. Mto ulikuwa mwekundu kwa udongo na ulikuwa unapanda.

Nikageuka. Mwili uligeuka wenyewe kabla sijafikiri. Nikasimama nimempa mgongo, natazama chai.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni Persis, Tata. Mke wa Sylvanus."

Ujue huyu mzee alikuwa hanijui. Nikienda kumsalimia alikuwa anamuuliza Gladys mgeni huyu ametoka wapi, na mwanawe mwenyewe alikuwa anamwita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Lakini pale mtoni sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mzee wa kanisa niliyemkuta siku naolewa, sauti ya mtu anayejua kila kitu kilipo.

"Mkaza mwana," akasema. "Ondoka hapa, mwanangu. Mimi siko katika hali ya kuonwa na wewe."

Nikavua leso yangu nikairusha nyuma bila kutazama. Nikamwambia leso hiyo hapo Tata, jifunge, mimi siangalii, utoke kwenye maji. Nikamwambia Okemwa anakuja. Nikasikia maji. Hayakuwa maji ya mtu anayekuja kwenye ukingo. Yalikuwa yanakwenda upande wa pili, kule kwenye kina. Alikuwa ananikimbia. Kila nilipofungua mdomo, alisogea mbali zaidi na sauti yangu, kwa sababu mimi ndimi niliyekuwa haya yake. Nikanyamaza, nikaona labda nikinyamaza atasimama. Akaendelea. Nikamwita Okemwa kwa nguvu zangu zote. Nikamwita Sylvanus. Mvua ilikuwa inanguruma kwenye chai na hakuna aliyejibu.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Sawa. Na mkwe akiuona, je? Sijawahi kusikia methali ya hilo. Nilisimama pale na mgongo wangu, nikilia kwa hasira, nikimlaani Okemwa na gunia lake, na Sylvanus na sakafu yake aliyokuwa anaitazama, na mimi mwenyewe. Halafu nikasikia akiteleza, na ile sauti ya maji kuingia mdomoni.

Nikageuka nikaingia mtoni.

Alikuwa ameshakwenda chini mara moja. Nilimshika mkono, akautoa. Nikamkamata kifuani, akanisukuma, na nguvu zilizokuwa zimebaki alizitumia kujifunika kwa viganja vyake, siyo kujiokoa. Nilimvuta hivyo hivyo hadi ukingoni, nikamfunga leso, nikamfunika koti, nguo zake nyingine nikazifunga kiunoni mwangu, nikambeba mgongoni kama wanavyobebwa watoto. Alikuwa mwepesi sana. Nikapanda kilima. Alikuwa analia sikioni mwangu, kilio kidogo cha mzee, na njia nzima alisema neno moja tu. "Umeniona." Nikamwambia sikuona, Tata. "Umeniona."

Okemwa tulikutana naye katikati ya shamba. Akampokea, akamvisha nguo zilizolowa kwa sababu alitaka avae kitu, na hakunitazama hata mara moja. Watu wakaja. Wanawake wakainamisha macho. Sylvanus akatokea mbio, akaona baba yake kwenye leso yangu, akaniona mimi nilivyolowa, akageuza uso. Mume wangu. Aligeuza uso kwanza, ndipo akaja kumbeba baba yake. Najua kwa nini aligeuka, wala simlaumu kwa akili yangu. Kwa moyo wangu bado namlaumu.

Hospitalini walisema tungechelewa kidogo tu, tungempoteza. Alikaa wodini akapona, hata kifua hakikumsumbua. Mabibi wawili wa ukoo walikuja kusema kuna jambo la kufanya ili haya ile itakaswe, kuna mnyama wa kuchinjwa, wakaambiwa sisi ni Wasabato. Mchungaji akaomba. Okemwa alikuja dukani kwangu Kisii, alipanda zile ngazi na goti lake, akaketi, akasema alitaka tu kisilowe. Nikamwambia najua. Nilipomweleza kuhusu bati na mawimbi alifunika uso kwa kofia. Alirudi akalifumua bega, akatoa gunia, akashona upya, na kidoti kikaamka palepale. Kinafanya kazi vizuri ajabu. Naweza kukuonyesha sasa hivi Tata ameketi upande gani wa nyumba.

Sylvanus alinituliza kwa kuniambia kwamba baba yake husahau kila kitu, na hilo pia atalisahau. Nikaamini. Kweli alisahau mto. Alisahau hospitali, alisahau mvua. Jina la Gladys nalo limeondoka sasa, humwita mama.

Sabato ya kwanza baada ya kutoka hospitali tulipeleka chakula. Nilipiga hodi, nikaingia sebuleni na sufuria ya matoke. Tata aliniona. Akasimama, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia kwenye chai. Ilibidi Okemwa aitwe amrudishe. Tulidhani ni bahati mbaya. Sabato iliyofuata ikawa vilevile, na mvua ilikuwa inanyesha. Gladys akanivuta kando, akanishika mkono, akaniambia taratibu, "Wifi, hatoki tena kutafuta ng'ombe. Anatoka ukija wewe."

Siku hizi napika Nyanchwa, tunakwenda pamoja hadi Gesima, halafu Sylvanus anapeleka chakula ndani na mimi nabaki barabarani. Sabato iliyopita ilikuwa na baridi, na mazungumzo na mama mmoja wa kanisani yakanisogeza bila kujua hadi karibu na lango. Labda alisikia sauti yangu. Simu ilikuwa mkononi. Kidoti kilitoka sebuleni, kikapita jikoni, kikaanza kuteremka kwenye chai.

Nikamwacha yule mama katikati ya neno, nikageuka nikatembea haraka kurudi barabarani, nikapita duka, nikapita kituo cha chai, bila kusema kitu. Nilipotazama tena, kidoti kilikuwa kimesimama. Nikaendelea kutembea. Kikaanza kurudi, polepole, hadi kikaingia nyumbani. Nikamwandikia Sylvanus kwamba sasa wanaweza kumpakulia.